Mstari Ulionyooka Kando ya Ziwa Rukwa

Kosa langu la kwanza kubwa kazini lilikuwa zuri kulitazama. Lilikuwa mstari wa mawe ya mpaka kando ya Ziwa Rukwa, umenyooka kiasi kwamba ukisimama kwenye jiwe la kwanza na kufumba jicho moja, mengine yote yanajificha nyuma yake. Niliyaweka ili watu wasijenge karibu na maji. Watu wakayaona, wakaja, wakajenga.

Ninaandika kwa ajili ya vijana wa ofisi ya ardhi niliowaacha Chitete. Mlinifanyia hafla ya kuniaga, mkanipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaachie uzoefu. Saa inachelewa kidogo, nimeilinganisha na redio. Uzoefu sina hakika kama ni mzuri kuliko saa. Ukurasa huu nimeuanza na kuuchana mara nyingi kwa sababu sentensi haikukaa sawa, na mnaonijua hamtashangaa. Wapo kati yenu mliokuwa mnanificha michoro hadi saa ya kufunga ofisi ili nisipate muda wa kuikagua tena. Nilikuwa najua.

Nimezaliwa Ibaba, kule juu Ileje, ambako ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Shamba la baba lilipakana na la ndugu yake kwa safu ya miti aliyoipanda babu, na mpaka ule haukuwahi kusogea. Watu walisogea. Walioa, walihamia Mbozi kulima kahawa, walikufa. Miti ilibaki palepale. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba ardhi ndicho kitu pekee duniani kinachotulia. Ziwa sikuwa nimeliona.

Nilimaliza darasa la saba, na baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kunisomesha. Nikashuka Tunduma mwanzoni mwa miaka ya ruksa, bidhaa zilipoanza kupita mpakani mchana kweupe: sabuni, mafuta ya kupikia, vitenge, redio. Kila kijana alikuwa amebeba kitu kwenda Nakonde, upande wa Zambia, au kutoka huko. Nilijaribu kazi ya kubadilisha fedha. Nilikuwa nahesabu noti, nazigeuza zote zitazame upande mmoja, halafu nahesabu tena, na wateja wa mpakani hawana subira ya namna hiyo. Mzambia mmoja alifika akanisalimu kwa upole, "Mulishani." Aliondoka akinitukana kwa Kibemba, Kiingereza na Kiswahili, ili nisipitwe na neno.

Basi niliposikia kwamba ofisi ya ardhi inatafuta vibarua wa kuwafyekea wapima njia porini, nilikwenda. Mpima aliyenipokea aliitwa Mzee Nzowa, Mnyiha wa Mbozi, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Alinipa panga akanionyesha kichaka.

"Fyeka mpaka nikuone upande wa pili."

Nilifyeka. Kisha nikarudi nikaokota matawi yote niliyoyakata na kuyapanga pembeni kwa urefu wake. Mzee alikuja akayatazama.

"Kijana, nimesema nataka kuona. Sijasema tunapokea mgeni."

Lakini kesho yake aliniita tena, na wengine hakuwaita.

Mzee Nzowa hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Chombo chake kikuu kilikuwa theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe inayokaa juu ya miguu mitatu. Alipokuwa akiisimamisha mimi nilitazama vidole vyake. Mchana, yeye akilala chini ya Landrova, niliisimamisha peke yangu, nikacheza na skrubu hadi povu la hewa likakaa katikati ya kioo chake, nikaiangusha kimoyomoyo mara mia na kwa kweli sikuiangusha hata mara moja. Hesabu za pembe nilijifunza kwenye kitabu kikuukuu cha ofisi kilichoandikwa kwa Kiingereza nisichokijua, nikikisia maneno kwa kutazama michoro. Siku moja Mzee aliamka mapema kuliko kawaida yake akanikuta jicho langu liko kwenye darubini. Nikajua kazi imeisha. Alikuja akachungulia, akasoma pembe, akarudi kulala.

"Ukimaliza iandike," alisema kutoka chini ya gari.

Cheti sikuwa nacho, na niwaambie ukweli: kwa miaka mingi kila gari la wageni liliposimama ofisini nilichungulia dirishani. Nilidhani wamekuja kuuliza nani amemruhusu huyu kugusa chombo. Kwa sababu ya hofu hiyo nilipima kila kitu upya hata kilipokuwa sawa. Watu waliiita bidii. Ilikuwa ni woga, umevaa shati safi.

Safari ya ziwani ilikuja katika miaka ambayo ziwa lilikuwa limerudi nyuma. Rukwa halina kina. Likipungua kidogo tu, maji yanakwenda mbali na kuacha tope jeusi ambalo ukiangusha punje ya mahindi huna la kufanya zaidi ya kusubiri. Wavuvi walihamishia kambi zao huko, wakulima wakafuata, kisha wafugaji. Wakubwa wa ofisi wakaona kwamba ziwa likiamua kurudi litawakuta watu wamelala. Ikaamriwa uwekwe mpaka. Juu ya mpaka watu wajenge, chini yake wasijenge.

Tuliteremka bondeni kupitia Kamsamba, nikiwa na sweta la Ibaba, na joto la huko likanivua kabla hatujafika. Siku ya pili Mzee Nzowa alishikwa na malaria. Kabla hajapelekwa zahanati aliniita.

"Utaona alama za maji ya zamani kwenye miti. Zifuate. Zikipinda, pinda."

Sikupinda. Nitakuwa mkweli kabisa hapa: ukingo ule ulikuwa unanikera. Ulikuwa unaingia na kutoka kama pindo la gauni. Nikatafuta mahali ambapo maji yaliwahi kufika mbali kupita kwingine kote, nikapiga mstari mmoja ulionyooka nyuma yake. Kihesabu ulikuwa salama, kwa alama zote za wakati ule. Tulimwaga zege, tukapanda bikoni, ndivyo tunavyoyaita mawe ya mpaka kazini, tukazipaka rangi nyeupe. Vibarua walipokwenda kula mimi nilibaki nikipita jiwe moja moja, nikifuta vumbi kwa leso yangu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akitandaza samaki kwenye chanja alikuwa ananiangalia. Chanja zake, meza zile za fito za kukaushia samaki, zilikuwa chini kabisa karibu na maji. Alitikisa kichwa tu, kama mtu anayemwona mtoto wa jirani akijiosha miguu mwenyewe.

Ilipita misimu miwili ya mvua kabla sijarudi. Safari hii nilitumwa kukagua kama mawe yamesimama. Yalikuwa yamesimama vizuri sana. Pande zake mbili zilikuwa zimejengwa nyumba, zinatazamana, milango inaelekea kwenye mawe, na katikati watu walikuwa wamefagia njia. Palikuwa na duka la sabuni na chumvi. Palikuwa na kinyozi. Mahali hapo paliitwa Mtaa wa Bikoni.

"Jamani, Mpima wa Leso amerudi!"

Alikuwa yule mwanamke. Sasa alikuwa mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya juu, nyumba bora kuliko zote, upande wa chini wa mstari, upande wa maji. Jina la kwao aliitwa Nambeye, Mnyamwanga, na watu walimwita Mama Esta kwa jina la binti yake. Mume alikwenda kutafuta kazi Zambia, na habari zake zilikuwa zimekoma. Bati lile alilinunua kwa samaki, tenga kwa tenga, waliokuwa wakipanda lori hadi soko la Tunduma.

"Karibu kwetu," aliniambia. "Ulituachia mtaa, ona ulivyojaa."

Majirani walikuja kunishika mkono. Nilikaangiwa magege wawili. Wote walifurahi hivyo, na nyuma ya nyumba yake, wala si mbali, niliyaona maji yanang'aa. Nilijua la kusema. Nilikuwa nimelipanga kichwani kwa ufasaha. Nilikula samaki wote, nikanawa, nikasema asante sana, nikaondoka.

Nilimweleza Mzee Nzowa ofisini. Alicheka hadi akakohoa, akavua miwani, akaifuta, akacheka tena.

"Nilikwambia upinde," alisema. "Mstari uliopinda mtu angedhani ni mawe ya serikali tu. Mstari ulionyooka namna ile, kila mtu anajua hivyo ni viwanja vimepimwa."

Kisha akaacha kucheka. "Yule mama yuko upande gani?"

"Wa chini."

"Basi hatujamaliza kazi."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza jambo ambalo kitabu changu cha michoro hakikuwa nalo. Sisi tulidhani watu wanajenga karibu na maji kwa kuwa hawajui hatari. Ulifanyika mkutano kijijini, akaja mtaalamu kutoka mjini, akaeleza kwa muda mrefu juu ya maeneo hatarishi. Watu walisikiliza kwa adabu. Alipoketi, alisimama Bwana Salumu, mfanyabiashara wa Tunduma mwenye asili ya Kigoma, aliyekuwa akileta lori kununua samaki.

"Mheshimiwa, maji tunayajua. Tunaishi humo," alisema. "Ziwa hili haliji kama mwizi. Linakuja polepole, unalitazama. Siku likifika mlangoni mtu anabeba godoro anaondoka. Mkitupeleka kule juu, samaki watapanda kwa miguu?"

Watu wakacheka. Akanigeukia mimi. "Na wewe Mpima, kama unaogopa maji rudi kwenu Ibaba ukapime ukungu!"

Wakacheka zaidi. Hata mimi nilicheka, maana ningefanya nini.

Mama Esta alikuwa ameketi mbele na kitenge chake mabegani. Hakucheka. Alinyoosha mkono, akapewa nafasi.

"Mimi swali langu ni dogo," alisema. "Serikali haipimi mahali pa kufa watu. Kama hapa ni pabaya, mbona mmepima?"

Mtaalamu alijibu, lakini hakujibu hilo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya darubini, na nilitazama viatu vyangu.

Tuliondoka. Mwaka huo mvua zilikuwa za kawaida, na uliofuata zikaongezeka. Madereva wa malori waliotoka bondeni walisema tope jeusi limeanza kufunikwa tena. Niliomba ruhusa ya kwenda, na Mzee Nzowa, aliyekuwa anakaribia kustaafu, akasema nichukue Landrova nisichukue mtaalamu.

Nilimkuta Mama Esta kwenye chanja zake, anageuza samaki. Maji yalikuwa yamesogea. Kutoka chanja hadi ukuta wa nyumba yake palibaki uwanja ambao mtoto angeweza kurusha jiwe akaufikisha. Nikamsalimia, akanipa ufito wa kushika, nikaanza kumsaidia kugeuza. Nilikuwa nawapanga vichwa upande mmoja.

"Acha hiyo," alisema. "Samaki hawaendi gwaride."

Nikamwambia kila kitu. Kwamba mawe maana yake haikuwa viwanja. Kwamba upande wake ulikuwa ule wa kutojenga. Kwamba nilipaswa kusema siku ya wale magege wawili.

Aliendelea kugeuza samaki.

"Unajua kwa nini nilijenga hapa?" aliuliza. "Si kwa sababu ya serikali. Serikali ilishapita hapa mara nyingi, kila ikija inasema lake. Nilikuona unafuta mawe kwa leso. Nikasema, mtu anayefuta jiwe namna ile, peke yake, hakuna anayemlipa kwa hilo, hawezi kuliweka mahali pabaya. Nikaenda kununua bati."

Nimeibeba sentensi hiyo miaka yote. Nilichosema, nadhani, ni "Samahani, dada."

"Una mke?" aliuliza.

"Ninaye."

"Na mtoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Walete wakae kwangu masika hii. Nyumba ni kubwa. Esta atapata mwenzake."

"Hapana," nilisema. Lilitoka kabla sijafikiri, na lilitoka kwa nguvu.

Akaweka ufito chini. Alinitazama, kisha akatazama maji, kisha nyumba yake.

"Haya," alisema. "Hilo nimelisikia. Yule wa mjini alisema maneno mengi, hakuna hata moja lililofika."

Nikadhani imekwisha. Haikuwa imekwisha, na hapa vijana wangu mnisikilize vizuri. Nilianza kumwambia habari za kiwanja kule juu, kwamba nitampimia yeye kwanza, kikubwa. Akanikatiza.

"Mpima, mimi sing'ang'anii nyumba. Nyumba ni matofali. Mitumbwi inatia nanga wapi?"

"Hapa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yako."

"Basi. Mvuvi akishuka, wa kwanza kumwona ni mimi. Nachagua samaki bado wanaruka. Nikihamia juu, nikiteremka asubuhi nitakuta mtu mwingine amesimamisha chanja hapa, na Salumu anapakia samaki wake. Mimi na Esta tutakula kiwanja chako?"

Kumbe hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Aliijua hatari ya maji kuliko mimi. Alikuwa ameipima kwa mizani yake, upande mmoja maji ambayo labda yatakuja, upande wa pili njaa ambayo ingekuja hakika. Hakuna mtu kati yetu aliyekuwa ameuliza habari ya upande wa pili. Nyumba yake ilikuwa pale ili kuzilindia chanja nafasi.

Nilikaa kwenye mtumbwi uliogeuzwa nikafikiri. Mimi si mwepesi wa kufikiri, ni mwepesi wa kukagua. Nikamuuliza kama watu wangekubali kwamba chanja za mtu zina mahali pake, hata mwenyewe akilala mbali. Akasema labda, kama kuna alama. Nikasema alama ya zege sitaweka tena hapa maisha yangu yote. Akasema nani ametaja zege, kata mti.

Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji, tukamwita na Bwana Salumu maana bila yeye lisingekuwa jambo. Salumu alipinga mpaka alipoelewa kwamba chanja zitabaki chini na lori litafika zilipo. Hapo akawa ndiye mtetezi, akaeleza wazo lote kwa watu kana kwamba lilikuwa lake. Wakakubaliana hivi: watu walale juu, kazi ibaki chini. Kila mwenye chanja aweke kigingi cha mti mbele ya maji, apate upana uleule alionao sasa. Maji yakisogea, vigingi visogee nayo, watu wote wakiwepo, kwa mpangilio uleule wa majirani. Anayekaa katikati ya Fulani na Fulani abaki katikati yao, maji yaende yatakako.

"Na nani atapima?" mtu aliuliza.

"Mpima," alisema Mama Esta. "Ila safari hii tutamshika mkono asinyooshe."

Siku ya kwanza ya vigingi ilikuwa mateso kwangu. Walipiga vigingi kwa kufuata maji, yakiingia wanaingia, yakitoka wanatoka. Kimoja kilielemea kushoto. Nilienda kukinyoosha, mzee mmoja akanishika shati kwa nyuma. Walibishana kila hatua, walitaniana, mama wawili nusura wavuane vilemba, na jioni kila mtu alijua kigingi chake na cha jirani yake. Katika mistari yote niliyopima maishani, ule ndio pekee ambao sikuwahi kuletewa mgogoro wake ofisini.

Halafu Mama Esta akaanza kubomoa. Watu walikuwa wakingoja kuona atafanya nini, maana nyumba yake ndiyo iliyokuwa kubwa. Alipanda mwenyewe juu ya kenchi za paa, kanga kiunoni, akawa anang'oa misumari ya bati kwa nyundo na kuidondosha chini. Misumari ilitoka imepinda. Niliuliza nimsaidie nini.

"Wewe si unapenda vitu vilivyonyooka?" alisema kutoka juu. "Haya, kazi hiyo hapo."

Nikakaa chini. Nilihitaji kitu kigumu cha kugongea, na kitu kigumu kuliko vyote mtaani kilikuwa bikoni yangu, ile iliyokuwa mbele ya mlango wake, nyeupe, laini, imesimama wima kabisa. Nikaweka msumari juu yake, nikagonga. Nikanyoosha mmoja, nikauinua juani nikautazama, nikanyoosha mwingine. Kila nilipougeuza msumari kuukagua alinichungulia kutoka juu ya kenchi akacheka. Zege lilianza kubanduka rangi. Kona ya juu ikamegeka. Sikuacha. Esta, ambaye alikuwa msichana wa kama miaka kumi na moja, alikusanya iliyonyooka kwenye kopo, na baada ya muda alikuwa anairudisha mingine.

"Huu bado," alisema.

Alikuwa sahihi.

Majirani walipoona bati la Mama Esta liko chini, wakapanda kwenye mapaa yao. Mpaka ninaondoka, nusu ya mtaa ilikuwa inagonga misumari juu ya mawe yangu.

Maji yalikuja mvua zilipokolea. Yalikuja polepole, kama Bwana Salumu alivyosema, na haki yake nimpe. Lakini yalipofika kwenye kuta hayakubisha hodi kwa mtu. Matofali mabichi yaliyobaki yalilainika toka chini na kuketi. Nilifika barabara ilipopitika tena. Mama Esta alinipeleka kuona. Tulisimama penye vigingi vipya, na mbele yetu Mtaa wa Bikoni ulikuwa ziwa, maji yamevuka hata alama za zamani. Sehemu moja tu ilionekana kichwa cha jiwe, kimemegeka kona, ndege mweupe amesimama juu yake.

Nilingoja aseme neno. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote.

"Lako limesimama wima mpaka sasa," alisema. Akanishika bega. "Twende ukale. Leo utaona bati lilivyokaa, sijapoteza hata msumari mmoja."

Tulipanda juu. Bati lilikuwa limekaa vizuri. Kulikuwa na upepo, kulikuwa na kivuli cha mwembe wa jirani, na kutoka mlangoni mwake aliziona chanja zake zote kule chini. Alikaanga magege. Safari hii niliongea wakati wa kula.

Miaka iliyofuata nilipima mengi. Nilipima viwanja Tunduma wakati malori yalipojaa na kila nafasi kati ya nyumba mbili ikawa stoo. Nilipima mashamba ya kahawa ya ndugu watatu waliokuwa hawasalimiani, nikala chakula cha mchana katika nyumba tatu siku moja ili asiwepo wa kulalamika. Wilaya ilipogawanywa nilihamia Chitete, ambako nilikuta njia mbaya na ninyi. Ikaja sheria ya mazingira ikataja mita sitini kutoka ukingo wa maji. Niliipeleka ziwani mwenyewe, nikaisoma. Mama Esta, ambaye wakati huo alikuwa na wajukuu, aliuliza swali lake dogo: ukingo wa mwaka gani? Nilicheka, lakini tulihesabu mita sitini kutoka kwenye vigingi vya mwaka ule, na mwaka uliofuata tukahesabu tena.

Mzee Nzowa alifariki nyumbani kwake Mbozi, nami nilikuwepo mazishini. Watoto wake waliniomba nipime mahali pa kaburi. Nilipima. Lilipinda kidogo upande wa kichwani kwa sababu ya mzizi wa mti. Nikaliacha.

Ninyi mna vifaa vinavyoongea na setilaiti, na mstari niliouweka kwa wiki nzima mnaweza kuuweka kabla ya chai. Sina wivu, au ninao kidogo. Ninachowaomba, mkifika mahali, kabla hamjafungua kifaa, ulizeni mitumbwi inatia nanga wapi, na mbele ya nani.

Nilikwenda ziwani mara ya mwisho mwaka wa mwisho wa kazi. Kando ya maji hakuna tena bikoni hata moja. Kuna vigingi vya mti, na kila mwaka baada ya mvua wenyeji wanavihamisha wenyewe, Esta akiongoza, mama yake akiwa ameketi kwenye kiti juu akipiga kelele. Watu wanalala juu, wanafanya kazi chini. Hawaniiti tena kupima. Mstari ulikuwa umepinda vibaya sana, na kigingi cha Mama Esta kilielemea kushoto. Nilikipita bila kukigusa.